Asipewe Kitu Mpaka Daktari Amwone

Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza waliwauliza wagonjwa wao wa tumbo swali ambalo dereva yeyote wa bajaji angeweza kuuliza: tulipovuka matuta, maumivu yalizidi? Wagonjwa 64 walikuwa wamepita kwenye matuta wakija hospitali. Waliothibitika kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo walikuwa 34, na 33 kati yao walijibu ndiyo. Matokeo yalitoka kwenye toleo la Krismasi la British Medical Journal, ambalo kila mwaka huruhusu mzaha kidogo, ila hesabu yenyewe haikuwa mzaha.

Wale walikuwa watu wazima. Kwa mtoto hata tuta halihitajiki. Mwambie ashuke kitandani, aruke mara moja kwa mguu mmoja. Mwenye kidole tumbo kilichovimba atakutazama tu, au atajaribu na kuishia kujikunja akishika nyonga.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini. Kikizibwa na kinyesi kigumu, au na tezi za ukutani mwake zilizotutumka, kinajaa, kinavimba, na bakteria wanazaliana humo ndani. Saa za mwanzo mtoto ukimuuliza wapi panauma, anaonyesha kitovu. Hadanganyi. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye kidole tumbo inaingia katika uti wa mgongo mahali palepale inapoingia ile ya ngozi ya kitovu, na ubongo unashindwa kujua habari imetoka wapi. Ndiyo maana siku ya kwanza nyumbani watu husema ni minyoo, au ni yale maembe mabichi ya jana. Uvimbe ukishafika kwenye utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, maumivu yanahama. Yanashuka kulia, yanakuwa makali, na sasa kidole kimoja kinatosha kuonyesha penyewe, pale ambapo daktari Charles McBurney wa New York alipaeleza mwaka 1889.

Hapo mtoto naye anabadilika tabia. Mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa, hupiga kelele, hupanda na kushuka kitanda. Huyu anatulia. Amelala goti la kulia limekunjwa, anapumua juujuu ili tumbo lisicheze, hataki hata shuka limguse. Mgeni akiingia wodini anaweza kudhani ndiye mtoto mwenye nafuu kuliko wote. Jambo hili tulishike, kwa sababu makosa mengi ya kutibu maumivu ya watoto yanaanzia kwenye imani kwamba asiyelia haumwi.

Sasa amri. Kuanzia zahanati ya kijijini hadi hospitali ya rufaa utaisikia ikitamkwa kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: asipewe kitu mpaka daktari amwone. Ndani yake mna maagizo mawili yaliyoshonwa pamoja. La kwanza ni asile wala asinywe, na hilo lina sababu nzito. Mtoto atakayelazwa kwa dawa ya usingizi akiwa na chakula tumboni anaweza kutapika akiwa hajitambui, matapishi yakaingia kwenye mapafu. La pili ni asipewe dawa ya maumivu, kwa sababu itauficha ugonjwa. Hili la pili ndilo lililowaacha watoto wengi wakisaga meno kwenye mabenchi ya mapokezi, nalo halina mguu wa kusimamia.

Lilikuwa nao zamani. Mwaka 1921 daktari mpasuaji Mwingereza, Zachary Cope, alitoa kitabu kidogo kuhusu kutambua mapema magonjwa ya ghafla ya tumbo. Vizazi vya madaktari vilikulia humo. Cope alionya dhidi ya kumpa mgonjwa mofini kabla uamuzi haujafanyika, na kwa wakati wake onyo hilo lilieleweka: hakukuwa na utrasaundi wala CT, daktari alikuwa na masikio yake na mkono wake tu, na mgonjwa aliyesinzia angeweza kurudishwa nyumbani akiwa na kidole tumbo kinachokaribia kupasuka. Tatizo ni kwamba onyo lilidumu kuliko mazingira yaliyolizaa. Matoleo ya baadaye ya kitabu hichohicho, yaliyohaririwa na William Silen wa Marekani, yaliliacha. Wodi nyingi hazikupata habari.

Kilicholiangusha ni majaribio. Kwanza kwa watu wazima, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa watoto huko Marekani na Kanada, wagonjwa wa tumbo waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa mofini kwenye mshipa, wengine maji ya chumvi, huku daktari, mzazi na mtoto wote hawajui nani kapata nini. Waliopata mofini maumivu yalipungua. Lakini mahali pa ugonjwa paliendelea kuuma pakibonyezwa, na wapasuaji hawakukosea zaidi kuliko kwa wale waliopewa maji. Ukifikiri, haishangazi. Mtoto anayelia kwa hofu hukaza tumbo lote likawa kama ubao, na mkono wa daktari hauambulii kitu. Maumivu yakishuka kidogo tumbo linalegea, na daktari anaweza kutofautisha upande unaouma na usiouma. Dozi ya kiasi haifuti ugonjwa. Inamfanya mgonjwa aweze kupimwa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kushika agizo la kwanza na kuliacha la pili: mdomo ufungwe, mshipa ufunguliwe. Dripu ikishawekwa, parasetamoli ya mshipani inaweza kupita humohumo, na mofini pia, taratibu, kwa uzito wa mtoto.

Isidhaniwe kwamba tatizo ni la hospitali maskini peke yake. Mwaka 2015 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi wa rekodi za vyumba vya dharura vya Marekani za mwaka 2003 hadi 2010, zikiwakilisha watoto karibu milioni moja waliokuwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Katika nchi yenye dawa zote, asilimia 56.8 tu walipata dawa yoyote ya maumivu, na asilimia 41.3 walipata dawa ya jamii ya afyuni, ambayo mofini imo. Kisha watafiti wakatazama rangi. Kwa watoto wenye maumivu makali, uwezekano wa mtoto mweusi kupewa dawa ya jamii hiyo ulikuwa kama moja ya tano ya ule wa mtoto mweupe mwenye maumivu ya kiwango hichohicho. Kabati la dawa lilikuwa lilelile na ugonjwa ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni macho ya aliyekuwa akimtazama mtoto.

Upasuaji wenyewe una historia iliyoanza kwa mtoto. Mwaka 1735, London, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 aliyekuwa na ngiri, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Akakiondoa. Kazi ilichukua karibu nusu saa, na dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, zaidi ya karne nzima baadaye. Mvulana alipona. Amyand mwenyewe aliandika kwamba kazi ile ilimuumiza mgonjwa kama ilivyomtaabisha yeye, sentensi ambayo nadhani yule mvulana angeiandika kwa namna nyingine.

Leo ndani ya chumba cha upasuaji mtoto hasikii kitu, na hilo halina ubishi tena. Kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki deni ni kwa ketamini, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962, na ambayo tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inalaza, inaondoa maumivu, na kwa kawaida haizimi pumzi, kwa hiyo inafaa hata pale mashine ya usingizi ilipoharibika.

Ila kinachonivutia zaidi ni jambo dogo la dakika mbili linaloweza kufanyika kabla mpasuaji hajavua glavu. Anavuta bupivakaini, dawa ya ganzi, na kuichoma kwenye kingo za kidonda, tabaka kwa tabaka. Kwa mtoto wa kilo 20, kwa kipimo cha miligramu 2 kwa kila kilo, ni miligramu 40, yaani mililita 16 za dawa ya asilimia 0.25. Mtoto anaamka kidonda kimekufa ganzi kwa saa kadhaa, zile saa ambazo vinginevyo zingekuwa mbaya kuliko zote. Wataalamu wa usingizi wenye mashine ya utrasaundi wanaweza kwenda mbali zaidi na kuipeleka ganzi kati ya misuli ya ubavu, inamopita mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo. Hiyo inataka mafunzo. Ile ya kingo za kidonda inataka sindano, chupa ya dawa, na mtu wa kukumbuka. Hospitali isiyoifanya haiwezi kujitetea kwa umaskini.

Halafu wodini. Mtoto ana miaka saba, kilo zake 20, ametoka thieta asubuhi. Karatasi yake ya dawa imeandikwa: diklofenaki, sindano ya msuli, akiumwa. Jioni muuguzi anapita na trei.

“Shikamoo,” anasema mtoto, sauti haitoki vizuri.

“Marahaba, baba. Tumbo linauma?”

Macho ya mtoto yako kwenye trei. Ameshaiona sindano.

“Haliumi.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo, sista.”

Mama yake, aliyekaa ukingoni mwa kitanda tangu mchana, anatabasamu. “Huyu mwanaume kwelikweli,” anasema. Muuguzi, mwenye vitanda vingine thelathini vinavyomsubiri, anaandika kwamba mgonjwa hana maumivu, na kwa kila kilichoandikwa pale yuko sahihi. Saa nane usiku mtoto anashindwa kujigeuza, hawezi kukohoa, anajizuia kukojoa, na sasa kile kiasi cha dawa ambacho kingetosha jioni hakitoshi tena. Ni kuuzima moto ulioachwa hadi ukashika paa.

Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Kosa liko kwenye lile neno “akiumwa”. Linamtaka mtoto ajitetee mwenyewe kwa mtu mzima mgeni, kwa lugha ambayo huenda si ya nyumbani kwao, na malipo ya kujitetea ni kuchomwa sindano pajani. Mtoto yeyote mwenye akili timamu atasema haliumi. Shirika la Afya Duniani lililiweka wazi katika mwongozo wake wa mwaka 2012 kuhusu maumivu ya kudumu ya watoto wagonjwa: dawa itolewe kwa saa, ipite njia isiyoumiza, na ipimwe kwa mtoto huyu na si kwa mtoto wa kitanda cha pili.

Kwa vitendo si jambo gumu. Parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita: kwa mtoto wetu ni miligramu 300, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Isizidi mara nne kwa siku, maana ini lina mwisho wa uvumilivu. Akiwa hana upungufu wa maji mwilini na figo zake ni nzima, ibuprofeni inaongezwa, hadi miligramu 10 kwa kilo kila baada ya saa nane. Dawa hizi mbili hazifanyi kazi kwa njia moja, kwa hiyo zikitolewa pamoja zinasaidiana, na haja ya mofini inapungua. Haja ikibaki, mofini ipo, nayo haihitaji sindano ya msuli. Kabla mtoto hajaanza kunywa, kuna mshipa. Akianza kunywa, kuna shira. Paja liachwe.

Na nani atajua kama zinatosha? Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kuonyeshwa safu ya nyuso zilizochorwa, kuanzia iliyotulia hadi iliyojikunja, akachagua iliyo yake. Kwa mdogo zaidi kuna kipimo kilichotungwa Michigan na kuchapishwa mwaka 1997, ambacho muuguzi anakijaza kwa kutazama tu: uso, miguu, mwili unavyotulia au kujinyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja kinapata 0 hadi 2, jumla 10. Ninakipenda kwa sababu kilio kimepewa alama mbili tu kati ya kumi. Mtoto anayekunja uso, aliyevuta miguu, mwili umekakamaa, na asiyebembelezeka hata akipakatwa, anafika alama nane bila kutoa sauti.

Mama naye ni kipimo, tena bora kuliko karatasi, mradi aulizwe. Lakini naye amelelewa na “vumilia”, “jikaze”, na “mwanaume halii”, na akiwa mbele ya koti jeupe hataki aonekane msumbufu. Muuguzi akimwuliza, “Mama Juma, mtoto amelala vipi usiku?” atapata habari zaidi kuliko akimwuliza kama mtoto anaumwa.

Hofu nayo huzidisha maumivu. Mwaka 2006 timu ya Zeev Kain huko Marekani iliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliotolewa mafindofindo, ikaona waliokuwa na wasiwasi mwingi kabla ya upasuaji ndio walioumwa zaidi baadaye, hata siku walizokuwa wamesharudi nyumbani. Kumwambia mtoto mapema kwamba ataamka na bandeji tumboni, na kwamba kutauma na kuna dawa, ni sehemu ya tiba. Kumdanganya kwamba anaenda kupigwa picha si sehemu ya tiba.

Yako mambo mengine ya kitandani ambayo hayauzwi duka la dawa. Kanga ikunjwe mara nne, mtoto aibane juu ya kidonda kwa mikono yote miwili kila anapotaka kukohoa au kuinuka. Inapunguza mvuto kwenye nyuzi, naye anapata kitu cha kufanya. Atembezwe siku inayofuata, hata hatua tano, baada ya dawa kuanza kufanya kazi na si kabla. Na aliyepasuliwa kwa matundu madogo na kamera anaweza kulalamika bega. Wazazi huuliza kama aliangushwa thieta. Hakuangushwa. Gesi ya kaboni dioksidi iliyotumika kulitunisha tumbo imebaki kidogo chini ya kiwambo cha kupumulia, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho inaingia kwenye uti wa mgongo jirani na ile ya bega. Ni ubongo uleule uliokosea kitovu. Kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili.

Dawa moja iondolewe kabatini. Kodeini walipewa watoto kwa miaka mingi kama ndugu mpole wa mofini, kumbe yenyewe haifanyi kitu hadi ini liigeuze kuwa mofini, na maini hayafanani. Wapo watu wanaoigeuza kwa kasi kubwa mno, na mtoto wa aina hiyo anaweza kuacha kupumua kwa dozi ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwakuta Waethiopia asilimia 29 wakiwa na vinasaba vya kasi hiyo, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Mwongozo wa 2012 uliitoa kodeini kwenye ngazi za tiba ya watoto, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza isitumike kwa walio chini ya miaka 12, pamoja na tramadoli. Mofini yenyewe ni salama zaidi, kwa sababu unajua umempa mtoto kiasi gani. Inataka mtu wa kuhesabu pumzi zake, na naloksoni, dawa ya kuitengua, iwe karibu.

Inataka pia iwepo. Mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zinazosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kipimo cha mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Bei si sababu, maana mofini ya unga ni rahisi. Uganda wanaichanganya na maji, wanaitia rangi kutofautisha nguvu zake, na wagonjwa wanaipata bila malipo; tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika. Mpango ule ulianzishwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI. Hakuna sheria ya maumbile inayosema mtoto mwenye mshono wa siku moja asifaidike na wazo hilohilo.

Siku ya kuruhusiwa, mzazi apewe ratiba iliyoandikwa kwa saa, na kipimo cha mililita kwa shira ileile iliyomo chupani, maana chupa hazifanani nguvu na kijiko cha chai si kipimo. Parasetamoli iendelee kwa saa siku mbili au tatu za kwanza hata kama mtoto anacheka na kuangalia katuni kwenye simu. Asipewe aspirini. Hatakuwa mraibu kwa parasetamoli. Swali hilo huulizwa mara nyingi, na kwa heshima kabisa lijibiwe.

Kisha aambiwe jambo la mwisho kwa maneno yasiyo na utata. Maumivu ya upasuaji hupungua kila siku. Yakishapungua halafu yakarudi, siku ya tatu, ya tano au hata ya wiki ya pili, pamoja na homa, kutapika, kuharisha kidogokidogo au tumbo kujaa, hasa kwa mtoto ambaye kidole tumbo chake kilikuwa kimeshapasuka, huenda usaha umejikusanya ndani. Arudishwe hospitali usiku huohuo, wala mzazi asisite kwa kuwa mtoto alishapewa dawa ya saa kumi na mbili. Aieleze hospitali dawa gani, kiasi gani, na saa ngapi. Maumivu yanayopenya juu ya dawa iliyotolewa kwa wakati yanamwambia daktari mengi, na wa mapokezi akisema mtoto asipewe kitu mpaka aonwe, mzazi ana haki ya kuuliza: asipewe chakula, au asipewe dawa?